Kumpa maoni mjenzi mwenzako wa modeli za meli: mwongozo kamili

Mtu anayejenga modeli ya meli hutumia miezi, pengine miaka, kwa kitu ambacho mtazamaji hukimaliza kwa macho ndani ya dakika moja. Ndiyo maana maoni mengi huwa ya aina mbili tu. Kuna "safi sana, hongera", ambalo halimwachii mjenzi kitu cha kufanyia kazi, na kuna kasoro inayotajwa wakati imekwisha kufunikwa na rangi, gundi na kamba, isifikike tena bila kuvunja.

Imani yangu katika jambo hili ni moja. Maoni yapimwe kwanza kwa wakati wake. Neno linalomkuta mjenzi mkono wake bado unaweza kulitumia lina faida hata likiwa zito. Likichelewa huwa mzigo, hata kama ni la kweli. Hatua zifuatazo zimejengwa juu ya imani hiyo, nazo zinafaa kwa anayeunganisha seti ya plastiki ya meli ya kivita kama Königsberg, kwa anayechonga jahazi la mbao, na kwa anayehangaika na kamba za merikebu ya zamani ya Uingereza kama HMS Victory.

Hatua ya kwanza: uliza anajenga chombo gani, cha mwaka gani, na kwa ajili ya nani

Meli haibaki ile ile maisha yake yote. Chukua Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Ilishushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, na wakati wa vita ilifungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Baadaye injini yake ya mvuke iliondolewa, ikawekwa ya dizeli. Mwenzako akikuonyesha modeli yenye mzinga, na wewe unaikumbuka Liemba ya abiria na magunia ya dagaa, usikimbilie kusema amekosea. Huenda kila mmoja wenu ana meli yake kichwani. Swali fupi linatosha: "Hii ni ya mwaka gani?"

Uliza pia kama anafuata seti jinsi ilivyotoka kwenye boksi au anaongeza vipande vyake. Aliyeamua kufuata boksi hahitaji orodha ya vitu ambavyo kiwanda kiliviacha. Tena uliza ni ya nani. Modeli ya kushindanishwa inataka jicho kali. Ile anayomjengea babu yake aliyekuwa baharia inataka kitu kingine kabisa: jina liandikwe sawasawa, rangi ziwe zile anazozikumbuka mzee, na kazi iishe mzee akiwa hai kuiona.

Hatua ya pili: tazama vizuri kabla hujafungua mdomo

Kama modeli iko mbele yako, anza kwa kusimama mbali kidogo ili uone umbo zima. Kisha inama mpaka jicho lako liwe usawa wa sitaha. Halafu nenda mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, ufumbe jicho moja, utazame moja kwa moja kuelekea tezi, yaani nyuma yake. Hapo ndipo milingoti isiyo kwenye mstari mmoja hujifichua, na dohani (mabomba ya moshi) zilizolala upande. Königsberg ilikuwa na dohani tatu. Moja ikiinama hata kidogo, jicho huinasa papo hapo kwa sababu mbili nyingine ziko wima kando yake. Mwisho itazame kutoka juu, uone kama pande mbili za chombo zimejaa sawa.

Kama unachokiona ni picha, kuwa mwangalifu zaidi. Simu inayopiga kutoka karibu sana hukuza kilicho mbele na kusinyaza kilicho nyuma. Omo huonekana nene kuliko ilivyo, na mlingoti ulionyooka huonekana umepinda ukiwa pembezoni mwa picha. Kabla ya kusema mlingoti umepinda, omba picha nyingine iliyopigwa kutoka mbali, kisha ikuzwe. Pia kumbuka kwamba kamera huonyesha vumbi na kingo za rangi kwa ukubwa ambao hakuna mgeni atakayeuona modeli ikiwa mezani.

Fanya pia hesabu ya skeli, yaani uwiano wa modeli na meli halisi, kwani inatuliza hukumu. Königsberg ilikuwa na urefu wa takriban mita 115. Kwa skeli ya 1:350 modeli yake ina sentimita 33 hivi, na kwa 1:700 haifiki 17. Katika skeli hiyo ndogo mtu mzima ana milimita mbili na nusu tu. Uzi wa milimita 0.3, ambao mkononi unauona mwembamba sana, ukiurudisha katika ukubwa wa meli halisi unakuwa kamba ya unene wa sentimita 21. Ukilijua hilo unaweza kumweleza mwenzako kwa nini kamba zake zinaonekana nzito, na wakati huo huo huwezi kumlaumu, maana anatumia uzi aliouona dukani. Unaweza kumwonyesha njia nyingine: plastiki ya fremu za seti ikipashwa moto juu ya mshumaa na kuvutwa taratibu hutoa unyuzi mwembamba kuliko uzi wowote wa cherehani.

Hatua ya tatu: lenga hatua aliyofikia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Akiwa bado kwenye mkuku (uti wa mgongo wa chombo) na mataruma (mbavu zake), sema kila unachokiona. Kasoro ya hapa ni rahisi kuiondoa leo, na baadaye haiondoki kabisa. Mkuku uliojikunja utaupeleka upande mwili wote wa chombo. Mshauri aulaze kwenye kioo au kipande cha marumaru cha sakafuni atazame mwanga unaopita chini yake. Mataruma mwambie ayapime kwa kipande chembamba cha mbao kinachopindika, akikilaza juu yake kutoka tezi hadi omo. Kikigusa taruma moja na kuruka jingine, moja limezidi au jingine limepungua. Kasoro hii haitaki adabu ndefu. Ukinyamaza kwa sababu ya haya, umemnyima msaada alipouhitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Mbao za ubavuni ndizo zinazowashinda wengi. Tumbo la chombo ni pana katikati na jembamba omoni, lakini anayeanza hupigilia mbao zenye upana ule ule mwanzo mpaka mwisho. Matokeo yake mbao hupandana omoni, au hupinda kuelekea juu kwa nguvu. Ukiliona hilo zikiwa mbao mbili tatu tu, mwambie asimame hapo. Agawanye urefu wa kila taruma kwa idadi ile ile ya mbao, aweke alama, kisha apunguze kila ubao kufuata alama hizo. Zikiwa zimekwisha zote, ushauri unabadilika: ajaze puti, apige msasa, apake rangi. Vyombo vingi vizuri vimepita njia hiyo, na hakuna sababu ya kumfanya mtu aone aibu juu yake.

Kwa plastiki, hatua inayolingana na hiyo ni pale nusu mbili za mwili zinapounganishwa. Mshono wa kati uonekane kabla ya rangi ya mwisho. Mwambie apake praima (rangi ya msingi) ya kijivu kwanza, kwa sababu rangi moja isiyong'aa hufichua mashimo na mikwaruzo ambayo jicho haliyaoni kwenye plastiki tupu. Kama mshono unafuata mahali ambapo meli halisi ilikuwa na kiungo, aache. Kama unapita katikati ya sitaha au juu ya dohani, aufute.

Katika rangi, chagua jambo moja au mawili. Mstari wa maji uliopanda na kushuka unaonekana hata kutoka mlangoni, basi utaje. Penseli iliyofungwa juu ya kipande cha mbao kwa urefu maalumu, ikizungushwa kuzunguka chombo kilichosimama sawasawa mezani, huchora mstari ulionyooka bila ubishi. Stika za maji zinazoonyesha weupe chini yake zina hewa iliyonaswa juu ya rangi isiyong'aa. Dawa yake ni kupaka vanishi ya kung'aa kwanza, kubandika stika, kisha kurudisha vanishi isiyong'aa. Ukungu mweupe kwenye vioo vya madirisha hutokana na mvuke wa supa gluu. Gundi nyeupe ya maji hailetei vioo tatizo hilo.

Kamba zikianza, angalia mvutano. Kila kamba inayokazwa huvuta mlingoti, na kulegeza iliyofungwa jana. Mjenzi anayeona kamba zake zimelegea hukaza moja zaidi, na mlingoti unainama. Mweleze mpangilio: aanze na zile zinazoushikilia mlingoti, akaze kwa jozi, kushoto na kulia, ndipo aende kwenye zile za kuendeshea matanga. Kwenye merikebu za aina ya Victory, za kwanza zilipakwa lami zikawa nyeusi au za kahawia iliyoiva, na za pili zilibaki na rangi yao ya asili. Modeli yenye kamba zote za rangi moja hubadilika kabisa mwenye kazi akilijua hilo mapema.

Na upepo! Hili hulikuta katika modeli nzuri sana, tena mara nyingi kuliko unavyodhani. Matanga yamejaa upepo unaotoka nyuma, lakini bendera inapepea kuelekea nyuma, kana kwamba kuna upepo mwingine. Chombo kinachosukumwa na upepo wa nyuma bendera yake hupepea mbele. Ukiliona kabla bendera haijagandishwa, mwambie. Ni badiliko la dakika chache, na modeli yote huanza kusafiri kweli.

Kisha kuna modeli iliyokamilika. Imekwisha, iko kwenye kabati la kioo, mwenyewe amesimama kando yake anatabasamu. Hapa mimi husema mazuri niliyoyaona, nikanyamaza juu ya mengine mpaka niulizwe. Akiuliza, namuuliza nami: "Unataka tuzungumze juu ya hii au juu ya ijayo?" Jibu lake linatosha kuniongoza. Kinachoweza kurekebishwa bila kuvunja, kama bendera iliyokaa vibaya au uzi uliochomoza, kinaweza kusemwa. Ubao uliopandana omoni nauhifadhi kwa ajili ya chombo kijacho.

Hatua ya nne: chagua maneno

Anza na zuri, lakini liwe mahususi. "Nzuri sana" haimwonyeshi mtu ulichokiona. "Reli za sitaha ya nyuma zimenyooka kuliko zangu zote, ulizikunja kwa kutumia nini?" inamwonyesha kwamba umetazama, na inampa nafasi ya kufundisha. Wajenzi wengi hufurahia swali la namna hiyo kuliko sifa.

Kwenye kasoro, taja unachokiona, usimtaje mtu. Sema "naona mlingoti wa mbele umelalia kushoto kidogo ukitazama kutoka omoni", badala ya "umekosea mlingoti". Weka na njia ya kurekebisha, na kama huijui, sema unaona tatizo lakini hujui dawa yake. Hatua ya mkuku na mataruma ikishapita, usitaje kasoro zaidi ya mbili kwa mara moja. Ukiona saba, chagua ile ambayo kesho haitarekebishika.

Umri na heshima vina nafasi yake. Kijana anayemwona mzee fundi akikosea hawezi kumkabili kama rika lake. Baada ya shikamoo, njia inayofaa ni kuuliza kama mwanafunzi, tuseme juu ya foromali, boriti inayobeba tanga: "Mzee, naomba unielekeze, foromali hii inakaa upande gani wa mlingoti?" Mzee akiwa anajua, utajifunza. Akiwa amepitiwa, ataona mwenyewe, na hakuna aliyemwaibisha mbele ya watu. Na rika kwa rika, kasoro kubwa ni bora kuisema faraghani: "Kaka, nina neno dogo juu ya ile meli yako, nikupigie?" Mtoto anayejenga chombo chake cha kwanza mpe neno moja tu la kurekebisha, liwe ambalo ataliweza leo hii, kwa vifaa alivyonavyo.

Hatua ya tano: unapotaka kusahihisha historia

Sahihisha pale tu unapoweza kusema umejuaje. Mifano mitatu itaonyesha kwa nini.

Kwa miaka mingi karibu kila modeli ya Titanic ilifungwa pangaboi la katikati, la kusukuma meli, lenye mapanga manne, kwa kuigiza meli dada yake, Olympic. Baadaye kumbukumbu za kiwanda cha Harland and Wolff zilizojitokeza zilielekeza kwamba lilikuwa na mapanga matatu. Mwenye manne anafuata elimu ya miaka mingi, mwenye matatu anafuata kumbukumbu hizo. Unaweza kumweleza mwenzako, lakini si jambo la kumwambia abomoe. Kinyume chake, sehemu ya mbele ya sitaha ya matembezi iliyozibwa kwa vioo ni tofauti iliyo wazi kati ya Titanic na Olympic, inaonekana kwenye picha, na aliyeiacha wazi upande wa Titanic anastahili kuambiwa mapema.

HMS Victory nayo, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo sasa iko Portsmouth, ilipakwa rangi upya mwaka 2015 baada ya uchunguzi wa tabaka za rangi ya zamani. Njano kali iliyozoeleka ikawa hafifu zaidi. Modeli yenye njano kali inaonyesha Victory ambayo watu waliiona kwa macho yao kwa miongo mingi. Muulize mwenzako anaonyesha meli ya vitani ya mwaka 1805 au ile aliyoitembelea na wanawe.

Kwa vyombo vya kwetu, hatari hugeuka. Mtu aliyelelewa na picha za merikebu za Ulaya atauona mlingoti wa jahazi umeinamia mbele, aseme umewekwa vibaya. Ndivyo ulivyo. Foromali ndefu yenye tanga lake huhitaji nafasi hiyo. Vilevile omo ya jahazi la Lamu husimama wima, wakati ile ya jahazi la Unguja hulala kidogo mbele. Kwa hiyo kabla ya kusema omo imechongwa vibaya, uliza jahazi ni la wapi. Ngalawa ikiwa na mrengu, ule mti wa ubavuni unaoizuia isipinduke, upande mmoja tu, hapo sema bila wasiwasi, kwa maana ngalawa ya pwani yetu ina mirengu pande zote mbili.

Mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu, ndio ninaouombea uangalifu wa pekee. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, hazikupigiliwa misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mitepe ya kazi ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuihusu imesalia katika picha chache, maandishi ya walioiona, na modeli. Ndiyo, modeli zilizotengenezwa na mafundi waliokijua chombo chenyewe. Kwa hiyo ukiona vichwa vya misumari vimechorwa kwenye modeli ya mtepe, au tanga la pembe tatu la jahazi juu yake, usinyamaze kwa adabu. Mtu anayeitazama modeli hiyo miaka hamsini ijayo anaweza kuichukua kama ushahidi. Sema kwa upole, mpe picha, na mshauri atembelee Makumbusho ya Lamu aone jinsi vyombo vya visiwa vile vilivyoonyeshwa. Kama modeli imekwisha, kikaratasi chini yake kinachoeleza kilichobuniwa kinatosha.

Hatua ya sita: baada ya kusema

Akikataa ushauri wako, mwache. Modeli ni yake, na huenda ana sababu ambayo hakuieleza. Usirudie neno lile lile mara ya pili kwa sauti nyingine. Akiukubali, fuatilia. Baada ya siku chache uliza mlingoti ulikaaje, na akikuonyesha, sema unaona tofauti gani. Mjenzi aliyefumua kamba za wiki nzima kwa sababu ya maneno yako anastahili kusikia kwamba kazi ile ilionekana.

Na pale unapoweza, toa kitu pamoja na maneno: uzi mwembamba uliobaki kwako, kibano kisichotumika, kipande cha msasa laini kisichopatikana mjini kwao, nakala ya picha uliyoipiga makumbusho. Kama mnakaa karibu, nenda ushike mlingoti wakati anafunga kamba. Kazi ile huhitaji mikono mitatu, na mtu wa pili mezani huiona kasoro pale pale inapozaliwa, gundi ikiwa bado mbichi.